Kiasi cha Mama Mkwe

Kuna watu siku hizi wanaomsalimia mama mkwe kwa mkono, tena wanautikisa, kana kwamba wameimba naye kwaya moja. Perez wa Katito, yeye mwenyewe akiwa mama mkwe, hakuwa wa kundi hilo. Mkwewe, Robinson Wechuli, alikuwa Mbukusu, yeye Mjaluo, na katika mambo mengi ambayo watu wa makabila hayo hawaelewani, hili wanaelewana sawasawa: mama mkwe na mkwe hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawagusani, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na Perez aliipenda kwa sababu ilimwezesha kumpenda mkwewe miaka yote bila kumwona anavyotafuna.

Kwa hiyo Awuor, bintiye, alipompigia simu kumwomba aje Kisumu akae kwenye kibanda chake cha nguo za watoto pale soko la Kibuye wakati wa likizo, Perez aliuliza kwanza juu ya mkwewe, "Na Baba Sheryl atakuwa wapi?"

"Hapo hapo, Mama. Kwenye cherehani yake."

"Hapo hapo wapi? Tukae tukitazamana kama picha ya harusi?"

"Nitafunga kamba katikati niangike magauni. Wewe utakuwa upande wa barabara, yeye upande wa ndani. Utamsikia, hutamwona."

"Na kwa nini asiuze yeye mwenyewe? Ana mikono, ana mdomo."

Awuor akaanza na habari ya safari. Alikuwa anaenda Nairobi na watoto, dada yake alikuwa amejifungua. Kisha akasema lile ambalo Perez alikuwa analijua tayari, kwa maana Katito si mbali na umbea una nauli ya bure.

Robinson alikuwa na ugonjwa wa kindege. Alianza na mpira kama wanaume wote wa Kibuye, akiweka mikeka ya kamari ya timu ambazo hajui hata ziko nchi gani. Halafu akahamia kindege. Ni mchezo wa kwenye simu. Unaweka pesa, kindege kinapaa, namba inapanda nacho, na pesa yako inakua. Ukiitoa mapema, umekula. Ukingoja pumzi moja zaidi, kindege kinapotea mawinguni na kila kitu. Mchezo wenyewe ni wa kujua pa kutosha, na Robinson hakuwahi kujua pa kutosha isipokuwa kwenye kiuno cha suruali. Kabla ya Pasaka alikuwa amerusha pesa ya mzigo mzima wa mitumba, Awuor akiwa mazoezi ya kwaya.

"Ameapa kuacha kabisa," Awuor akasema. "Si kupunguza. Kuacha. Nimemwambia nikisikia amecheza hata mara moja, sitafika Kisumu. Nitashuka Ahero na watoto, nipande gari la Katito nije kwako, na sitarudi kwake."

Perez hakupenda habari hiyo hata kidogo. Aliwapenda Sheryl na Byron, lakini aliwapenda wakiwa Kisumu. Chumba cha wageni alikuwa amekipangisha kwa mwalimu wa shule ya awali, binti mtulivu asiyekohoa. Na zaidi ya hayo, alimpenda yule mkwe. Mzee wake alipofariki, Robinson ndiye aliyeshona nguo za msiba za wanawake wa boma zima bila kumpima hata mmoja. Aliwatazama tu kwa mbali, akaenda kwenye cherehani, na zote zikawatosha, hata yule shangazi mwenye makalio ya kubishana. Mkwe kama huyo haokotwi.

Akaja Kisumu. Akapata kitanda kwa binamu yake Nyalenda, maana mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, na asubuhi akaketi kibandani upande wa barabara, nyuma yake magauni ya wasichana yameangikwa kwa safu, yenye mikunjo na maua, yakigusa ardhi.

"Mama, umeamkaje?" sauti ikatoka nyuma ya magauni.

"Nimeamka na magoti yangu, Baba Sheryl. Wewe?"

"Nimeamka salama. Mama, kuna kitu nimeweka kwenye kigoda hapo pembeni. Naomba ukichukue ukiweke. Mimi nitatumia hii ndogo ya vibonye."

Akakohoa, akarudi nyuma hatua chache ili mkono wake usikutane na wa mama mkwe. Perez akapapasa chini ya gauni la mwisho, akatoa simu kubwa ya mkwewe yenye kioo cheusi. Akaitia kwenye mkoba, kati ya Biblia na kikopo cha ugoro.

Jirani yao wa upande wa pili wa njia alikuwa Enos, muuza misumari na kufuli. Zamani Enos alikuwa mlevi ambaye mbwa wa mtaa walimsindikiza nyumbani kwa kumhurumia. Siku hizi alikuwa mtu wa kuacha kabisa, na aliupenda sana usemi huo.

"Baba Sheryl, umefanya vyema," akasema Enos, akinyoosha shingo. "Nyoka hafugwi mfukoni. Mimi hata soda sinywi."

"Soda imekukosea nini?" Perez akauliza.

"Ina povu, Mama."

"Na sabuni je? Nguo unafulia nini?"

"Nafua, Mama. Lakini nikiangalia kando."

Nyuma ya magauni cherehani ikasimama, na Perez akasikia mkwewe akicheka kwa kujizuia. Akafurahi. Akafungua kikopo chake, akanusa ugoro mara moja, akapiga chafya ya kumaliza maneno.

"Sasa nisikilizeni," akasema. "Mimi nimenusa ugoro tangu nilipoolewa. Kidole kimoja baada ya chai ya asubuhi, kidole kimoja baada ya chakula cha jioni. Kikopo hiki hakijawahi kuniamuru. Mtu hafungwi kama mbuzi. Mtu anaonyeshwa kamba yake inaishia wapi."

"Na akiing'oa kamba na kigingi chake?" Enos akasema.

"Basi kigingi kilipigwa na mtu mvivu."

Robinson akaendelea kushona. Mkwe hambishii mama mkwe.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Tatizo lilikuja Jumamosi. Alasiri redio za vibanda vyote zilikuwa kwenye mpira, vijana wakipiga kelele kila goli, na nyuma ya magauni Robinson alianza kuharibu kazi. Alishona mkono wa shati ukafungwa mdomo. Akaweka zipu ya sketi ya shule juu chini. Mwenye sketi akairudisha akiuliza kama binti yake ataivaa akiwa amesimama kwa kichwa. Kisha Perez akasikia kitu kilichomsikitisha: kanyagio la cherehani likienda, likienda, na hakuna kitambaa ndani.

Huruma ya Perez haikuwahi kutembea bila utundu. Akageuza kichwa kidogo.

"Baba Sheryl."

"Mama."

"Hicho kindege chako. Mtu akitoka mapema, anapata?"

Kanyagio likasimama. "Anapata kidogo."

"Basi si utoke mapema?"

"Mama, ningeweza hilo, ungekuwa Katito sasa hivi ukila mahindi yako."

"Hujawahi kufunzwa kiasi, ndiyo maana. Unakatazwa tu. Nisikilize. Simu nitashika mimi. Tutaweka pesa ya andazi moja, si zaidi. Kikipaa, wewe sema 'sasa', mimi nibonyeze. Halafu tufunge mpaka Jumamosi ijayo. Kama ugoro."

"Nilimwahidi Mama Sheryl."

"Ulimwahidi hutacheza. Atacheza nani? Ni mimi. Wewe utasema neno tu, na kusema neno si dhambi, hata karani wa kanisa anasema."

Kama angekuwa mama yake mzazi, Robinson angemwambia aache upuuzi. Kama angekuwa Enos, angempiga na rula. Lakini huyu alikuwa mama mkwe, na mtu aliyefunzwa tangu utoto kutomwinulia mama mkwe macho hana pa kuchukua neno la kumkataza. Na kusema kweli, alitaka. Akamtajia namba ya siri kwa sauti ya chini.

Kindege kikapaa. Perez akavaa miwani yake ya zamani, ile yenye mguu mmoja uliofungwa uzi.

"Kinapanda, Baba Sheryl. Kinapanda. Kimepita maradufu."

"Sasa," Robinson akasema, na sauti yake ilikuwa kavu.

Perez akabonyeza. Andazi moja likawa maandazi mawili na chai. Akazima simu, akairudisha kati ya Biblia na ugoro, akaketi kama mwalimu aliyemaliza hesabu ubaoni.

"Umeona? Kiasi."

"Nimeona, Mama," akasema Robinson, kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi halafu sahani ikaondolewa.

Jumatatu asubuhi, hata kabla ya salamu za magoti, akauliza, "Mama, leo je?"

"Leo si Jumamosi."

"Najua. Nimeuliza tu." Akatia uzi kwenye sindano, ukakataa. Akatia tena. "Sijalala, Mama. Ulipokuwa umeiweka simu kabisa nilikuwa nalala. Naomba Jumamosi ijayo usiniite. Mimi kidogo hakinitoshi, kinanifungulia mlango tu. Niache hivyo hivyo nisionje."

Perez akasikitika, akasema mos, pole, hatamwita tena. Na hakumwita. Neno lake alilishika kwa upande wa Robinson. Kwa upande wake mwenyewe, simu ilikuwa mkobani.

Kwanza aliitoa tu kuangalia kama haijapata unyevu. Akiwa anaangalia, akaona kindege. Wateja walikuwa wachache, asubuhi ilikuwa ndefu. Akaweka pesa ya andazi, akatoka mapema, akapata. Akajisifu kimoyomoyo: tazama mwanamke wa umri huu, darasa la saba la zamani, amewashinda wanaume wa Kibuye. Akaamua kwamba atacheza mara moja baada ya chai na mara moja baada ya chakula, kama ugoro. Ubaya ni kwamba alianza kunywa chai mara nyingi.

Alikuwa na pesa yake aliyokuja nayo ya kununua miwani mpya, maana Kisumu kuna madaktari wa macho na Katito kuna watu wa kukuambia umezeeka. Akaanza kuimega. Alimpelekea wakala wa pesa za simu wa ng'ambo ya barabara, aitie kwenye laini ya mkwewe. Mwanzoni ya andazi. Halafu ya chai. Halafu ya sukari ya Nyalenda nzima. Kindege kilipompa, aliongeza kwa sababu kimempa. Kilipomnyima, aliongeza kwa sababu kina deni lake. Usiku alilala karibu na binamu yake akifumba macho, na ndani ya macho kulikuwa na kitu kidogo chekundu kikipaa.

Kibandani mambo yakaanza kwenda upande. Mama mmoja aliuliza bei ya kaptura akajibiwa, "Ngoja kwanza ipae." Mwingine alifika nyumbani na soksi mbili za mguu mmoja. Na Perez, ambaye hakuna aliyewahi kumnyamazisha isipokuwa daktari wa meno, akanyamaza.

Jumapili ndiyo siku ya Kibuye. Watu wanatoka mpaka Awasi na ng'ambo huko, njia hazipitiki, na mwenye kibanda asiyeuza Jumapili amlaumu shetani au uvivu. Siku hiyo baada ya ibada ya kwanza Perez alikuwa ameketi, kichwa kimeinama, na pesa ya miwani ilikuwa imebaki kidole. Akaiweka. Kindege kikapaa vizuri, kikapita maradufu, kikaendelea, na kila alipotaka kubonyeza aliona jinsi kesho atakavyoijutia ile iliyobaki juu. Kikapotea.

"Ya mwisho," akanong'ona. "Nirudishe tu ya miwani. Halafu basi."

Pochi ya Awuor, ya mauzo, ilikuwa imefungwa kiunoni mwake. Ataiazima tu. Kabla ya jua kuzama atakuwa ameirudisha, na Awuor hatajua. Akatazama huku na huku. Akashika zipu.

Ndipo mbingu ikamwangukia. Magauni yote, ya maua, ya mikunjo, ya lasi, yalimshukia kichwani na mabegani, na gauni moja la ubatizo likamvaa kabisa mpaka kiunoni. Alipopata pa kutolea pua, alimwona mkwewe mbele yake, mchana kweupe, uso kwa uso, mkasi mkubwa mkononi na ncha ya kamba ikining'inia.

Robinson naye akamwona. Akageuka haraka, akampa mgongo, akatwaa sweta la mtoto kutoka kwenye fungu, akajifunika nalo uso. Wateja wakasimama. Enos alikuwa na misumari mdomoni na hakukumbuka kuitoa.

"Nisamehe, Mama," Robinson akasema kutoka ndani ya sweta. "Nisamehe sana. Lakini hiyo zipu naijua."

"Zipu gani? Natafuta chenji."

"Hakuna mteja aliyenunua, Mama."

Perez alifungua mdomo kutafuta utani. Alikuwa na utani wa chifu, wa padri na wa daktari, lakini wa saa hiyo hakuuona.

"Mtu akitafuta chenji," Robinson akaendelea, mgongo ukiwa umenyooka, "zipu inalia mara moja. Mtu akiwa anachukua cha mtu anayempenda, anaifungua polepole, jino kwa jino. Mimi niliifungua hivyo kabla ya Pasaka. Na siku hizi hunitanii. Hupigi hata chafya, umesahau ugoro wako. Jana nikajiambia labda ni malaria. Leo nikasikia 'ya mwisho', nikajua uko mahali ninapopajua."

"Nilitaka kukufunza kiasi," akasema Perez. Sauti yake ilikuwa ndogo, akaichukia.

"Najua, Mama. Ulifanya kwa mapenzi. Mimi pia nilijifunza kiasi, tena sana. Kila Jumatatu nilikuwa na kiasi kipya."

Enos akatoa misumari. "Si nilisema mimi. Kuacha kabisa."

"Enos, wewe uza kufuli," akasema Perez. Kisha akaugeukia mgongo wa mkwewe. "Sasa nifanye nini, Baba Sheryl? Mkono bado unataka. Hata sasa unataka."

Robinson akafikiri, na sweta likapanda na kushuka kwa pumzi zake.

"Mimi mambo ya kiasi siyajui. Lakini kukaa mbali na kitu bila kukichukia, hilo nalijua. Nimekaa mbali na wewe tangu nioe. Sijawahi kusema, leo nitamshika mama mkwe mkono kidogo tu, kwa sababu ni Jumamosi. Sijawahi kujaribu kuketi kwenye kochi lako nione kama nitaweza kuondoka. Nikikuona unakuja naingia kwenye nyasi, unapita, na moyo wangu unatulia. Hakuna kupimana nguvu. Nimeamua kindege nacho nitakipa heshima hiyo. Kama utaweza, nawe kipe."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja kununua vesti akasema "ni kweli" kama yuko kanisani.

Perez aliwahi kulinganishwa na vitu vingi maishani, na marehemu mumewe alikuwa na orodha yake. Lakini hiki kilikuwa kipya. "Kwa hiyo mimi na kindege tuko sawa."

"Ni nyinyi wawili tu mnaoniogopesha, Mama."

Hapo Perez akacheka. Alicheka mpaka lasi ya ubatizo ikatetemeka mabegani mwake, na alipomaliza alikuta mkono wake umeachia zipu. Pochi ilikuwa nzima. Akaitoa simu kubwa, akamwita Enos aichukue aipeleke kwa fundi wa simu aifute kila kitu, au aiuze, au aitupe ziwani kwa viboko. Enos akaipokea kwa kitambaa, akiangalia kando.

Kamba ilifungwa upya, magauni yakarudi juu na vumbi lake. Lakini jambo lilikuwa limeharibika. Mkwe alikuwa amemwona mama mkwe uso kwa uso na kumwangushia nguo kichwani mbele ya soko, na kwa watu wa rika la Perez kitu kama hicho hakiachwi hivi hivi. Kinatengenezwa kwa kuku. Na kwa kuwa kosa lilianza kwa mkubwa, kuku alikuwa wa Perez, achinjwe kwake Katito, apikwe na binti aliye katikati yao, mkwe ale. Binti atauliza kuku huyu ni wa nini. Perez angeweza kumdanganya Awuor juu ya vitu vingi, lakini kuku hafichiki.

Akampigia simu Nairobi jioni ile ile, kabla ujasiri haujapoa. Akasema yote, tangu andazi la kwanza. Nyuma ya magauni Robinson akaomba sauti yake nayo isikike: "Mwambie na mimi nilisema 'sasa'. Mara moja, Jumamosi ile. Mwambie usifiche."

Awuor alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema, akakata.

Ile sawa ilikuwa kama mlango wa jirani. Huwezi kujua umefungwa au umeegeshwa tu.

Siku ya kurudi kwa Awuor na watoto, Perez alikuwa ametangulia Katito. Robinson alivaa shati safi akaenda kulisubiri basi la kutoka Nairobi pale Kisumu. Likaja, likatoa watu na mizigo na jogoo mmoja. Awuor hakuwamo. Robinson hakumpigia simu. Alijua Ahero iko wapi. Akapanda gari la Katito, mikono mitupu kama mtu anayeitwa kwa kesi.

Awuor alikuwa ameshafika bomani na mabegi yote na watoto, akiwa na uso usiosomeka. Hakumwuliza mama yake habari ya magoti. Aliuliza, "Kuku yuko wapi?"

Walikaa jikoni, kile kijumba cha nje, Awuor akinyonyoa, Perez akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Nilisema hata mara moja," Awuor akasema.

"Ulisema, nyathina." Alimwita hivyo, mwanangu, alipokuwa na makosa tu.

"Nani alimwambia ajaribu?"

"Mimi."

"Simu si alikuwa amekupa?"

"Alinipa kwa mlango wa mbele. Mimi nikamrudishia kwa dirisha."

"Na aliposema usimwite tena?"

"Hakuonja tena. Mimi ndiye niliyeonja kwa niaba ya ukoo."

Awuor hakucheka. Akang'oa manyoya ya bawa. "Na kamba alikata nani?"

"Yeye. Jumapili, soko limejaa. Magauni yako yote yakaingia vumbi."

"Na yale ya kamera?" Hizo ndizo nguo zake bora, za bei ya juu, ambazo hata yeye alizishika kwa vidole viwili.

"Na ya kamera."

"Aliyakata akijua ni ya kamera?"

"Ndiye aliyeyapiga pasi. Alijua."

Awuor akanyonyoa mpaka kuku akawa mweupe. Nje, Robinson alikuwa amefika. Walimsikia akiwasalimia watoto, akaingia nyumba kubwa, akaketi sebuleni kwenye kiti cha mgeni, mbali na kochi.

Sasa, kwao Wechuli, na kwa Wajaluo pia ukitaka kusema ukweli, firigisi ya kuku ina mwenyewe. Ni ya mume wa nyumba. Mwanamke akipika kuku na firigisi isifike kwa mumewe, hakuna haja ya kuita wazee. Mume anajua la kufanya: anatafuta begi. Perez alijua hivyo, Awuor alijua, na mtu aliyekuwa sebuleni alikuwa analijua kuliko wote.

Kuku akaiva. Awuor akaanza kugawa. Paja la Byron. Bawa la Sheryl. Kidari kwenye bakuli la sebuleni. Kijiko kikaingia tena kwenye sufuria, kikatoka na firigisi, kikasimama hewani. Mchuzi ukadondoka kutoka kwenye kijiko, tone, halafu tone.

Perez alijitahidi kutosema. Alijitahidi sana. "Mpe nusu," akasema. "Nusu leo, umtazame. Nyingine siku nyingine."

Awuor akamgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye gari uso wake ukafunguka. "Mama, wewe na nusu zako."

Akaitia firigisi nzima kwenye bakuli, juu ya kidari ionekane, akafunika, akabeba.

Perez akabaki na sufuria. Alikisikia Kiswahili cha Kibukusu cha mkwewe kikisema "Mama Sheryl", kisha kifuniko cha bakuli kikiondolewa, kisha sauti ya pua, kama mtu aliyepaliwa na pilipili ingawa mchuzi haukuwa na pilipili. Halafu Byron akauliza kwa nini Baba analia na kuku ameiva vizuri, na Sheryl akamwambia anyamaze ale.

Baadaye kidogo Awuor akarudi jikoni na bakuli tupu. Akaliweka chini, akachukua maji ya kunawa, akafunga leso vizuri kiunoni.

"Gari la mwisho la kurudi Kisumu linapita saa ngapi?"

"Nyinyi wote?" Perez akauliza, akijifanya anatafuta kifuniko.

"Sisi wote. Magauni hayatajifua."

"Basi mna muda," akasema Perez, akiivuta sufuria karibu. "Lakini shingo niachieni."